Usitoke Katika Nyumba Hii

Waliorekodi wimbo walikuwa wawili, lakini kwenye simu walisikika watatu.

Si kwamba huyo wa tatu aliimba. Angeimba ingekuwa afadhali, maana jirani anayejisahau akaimba dirishani kwako ni jambo la kawaida, unamfokea na kazi inaendelea. Huyu alivuta pumzi tu. Mdogo mtu alipofika mwisho wa ubeti na kuvuta hewa ili aingie kwenye kiitikio, nyuma yake ikasikika pumzi nyingine, ndefu, ya mtu asiye na haraka.

Kaka mtu alirudisha mara tatu, simu imebanwa sikioni. Akasema ni upepo. Madirisha walikuwa wameyafunga wenyewe, na chini ya mlango wamesokomeza fulana mbovu ili kelele za mtaani zisiingie, lakini alisema ni upepo, na mdogo wake akakubali, kwa sababu wimbo ulikuwa umetoka vizuri na hakuna aliyetaka kuurudia.

Mtaani kaka huyo walimwita Mchapaji, kwa kazi yake ya kuchapa maandishi kwenye fulana. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana: meza ndefu yenye madoa ya kila rangi, fremu za wavu zimeegemezwa ukutani, makopo ya wino, na kamba zilizokatiza juu zikining'iniza fulana zikauke. Chumba cha nyuma kiligawanywa kwa pazia, upande mmoja wake, upande wa pili wa mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Kengele tangu utotoni, kwa sauti yake. Wazazi wao walifariki Mchapaji akiwa na miaka kumi na tisa na Kengele saba. Akamlea. Akamsuka nywele vibaya mpaka akajua kusuka, akamfulia sare, akamngoja nje ya geti la shule jua linamchoma utosi. Hakuoa. Watu wakimuuliza alisema hajapata muda, na waliomjua waliacha kuuliza.

Sasa Kengele alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, na bendi moja ya mji wa mbali, ya kupiga hotelini, ilikuwa imemsikia na kumtaka. Walikuwa na sharti moja tu. Aje na wimbo wake mwenyewe, wa Kiingereza. Basi lilikuwa la Jumamosi asubuhi, na asipotokea, yupo mwingine anasubiri nafasi hiyo hiyo.

Wa kuutunga alikuwa kaka yake, na Kiingereza cha kaka yake, tusidanganyane, kilikuwa cha fulana. Alichapa maneno ya Kiingereza kutwa kucha, nusu yake hayaelewi. Kuna mwaka timu ya mpira ilimpa uhuru wa kuwachagulia maneno ya kutisha, akayanakili kutoka kwenye fulana moja ya mtumba iliyokuwa na herufi nzuri, na vijana wa watu wakacheza mashindano mazima, mpaka fainali, na vifua vilivyoandikwa hongera mama mtarajiwa. Mwalimu mmoja ndiye aliyewaambia. Mchapaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawarudishia hela yao.

Basi na wimbo aliutunga hivyo hivyo. Alikuwa na daftari la mistari aliyoiokota kwenye nyimbo za watu, na kamusi isiyo na jalada, akachagua maneno kwa jinsi yanavyoonekana na yanavyolia. Maana aliijua juu juu. Kwa Kiswahili alikuwa mtu wa kuchunga mdomo sana, mtu ambaye Kengele alipokuwa mdogo akisema nife kama naongopa, alimziba mdomo kwa kiganja na kuangalia pembeni, asije akawa kuna aliyesikia. Lakini kwa Kiingereza maneno hayakumshtua. Yalikuwa wino. Ungemwambia achape ahadi ya kuuza roho yake angekuuliza unataka rangi gani. Kengele alipotaka kujua anaimba nini, alijibiwa ni mapenzi tu, wote wanaimba hivyo.

Mstari mmoja tu, wa mwisho wa kiitikio, hakuuokota popote. Ulimjia mchana mmoja akiwa anavuta wino kwenye fremu, akauandika bila kufungua kamusi, na maana yake hakumwambia mtu.

Jumatatu Kengele alisikiliza wimbo tena akamwita kaka yake. Ile pumzi ilikuwa imeongezeka urefu. Walitazamana. Mchapaji akasema simu ni mbovu.

Jumanne fulana zilikataa kukauka. Wino aliouchapa asubuhi ulikuwa mbichi jioni, na kitambaa chenyewe kilikuwa na unyevunyevu, na chumba kizima kikaanza kunuka kama kisima kilichofunikwa miaka mingi. Mteja aliyekuja kuchukua mzigo wake alisimama mlangoni, akanusa, akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Siku hiyo hiyo Kengele alichukua kikapu aende dukani kununua sabuni. Baada ya saa nzima Mchapaji aliinua macho akamkuta bado amesimama pale pale ndani ya kizingiti, kikapu mkononi, anatazama barabara. Akamuuliza vipi. Kengele akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameshakwenda na kurudi, sabuni zimekwisha.

Jumatano hakuamka kabla ya saa nne. Alilalamika kifua kizito, akipanda kitandani anahema, akishuka anahema, na vidole vyake vilikuwa baridi, kucha zimeingia weusi, jua likiwa kali nje. Mchapaji alimchemshia maji, akamfunika, kisha akaenda chumba cha mbele akaufuta ule wimbo kwenye simu. Alihakikisha umefutika, akashusha pumzi. Ndipo akausikia ukiimbwa nyuma ya pazia, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mdogo wake, na alipokimbilia kule na kulifungua pazia alimkuta Kengele amelala chali, macho wazi, na midomo yake imefumbwa, haitikisiki hata kidogo, na wimbo unatoka vilevile.

Alimwita kwa jina lake halisi, lile la vyeti, ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka. Kengele alikodoa macho darini, na kilichomjibu ni kiitikio.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa muuguzi, mwanamke mkavu asiyependa upuuzi. Alhamisi asubuhi Mchapaji alimgongea kabla hajavaa viatu vya kazini. Muuguzi akaja, akashika kifundo cha mkono, akasikiliza kifua, uso ukambadilika. Alisema mgonjwa huyu hana hewa, apelekwe hospitali sasa hivi, si baadaye. Mchapaji akambeba mdogo wake mikononi kama alivyokuwa akimbeba utotoni, na alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, muuguzi akitangulia kuzuia mlango, na walipofika kizingitini, mguu wake mmoja nje na mmoja ndani, kile kifua alichokuwa amekikumbatia kiliacha kupanda na kushuka, kikatulia tuli, na kichwa cha Kengele kikaanguka nyuma, na muuguzi aliyeshika shingo yake akatafuta mpigo huku na huku asiupate, akamwambia rudi, rudi ndani, sijui kwa nini lakini rudi, naye akarudi hatua moja, na kifua kikapanda.

Walijaribu tena, kwa dirisha la nyuma. Ikawa vilevile. Mara ya tatu muuguzi alikataa kushika.

Alikaa juu ya kopo la wino. "Mimi nimesomea kazi yangu," alisema kwa sauti ya chini, asimtazame. "Mambo haya siyaamini. Kamwite Bibi Msusi. Na usiseme ni mimi niliyekutuma."

Bibi Msusi alikuwa na saluni mtaa wa tatu. Alisuka watu mchana kutwa, na wanaojua walijua kwamba huitwa kwa mengine pia. Alhamisi hiyo hakupatikana. Mchapaji alikesha kwenye kiti karibu na kitanda akihesabu pumzi za mdogo wake, na ukweli ni kwamba alikuwa ameshavunjika moyo, akiomba, akitukana, akiomba radhi kwa kutukana. Ijumaa adhuhuri yule bibi akaja, mafuta ya nywele bado yako viganjani na kitana kimechomekwa kichwani. Hakuuliza mgonjwa yuko wapi. Alisimama katikati ya fulana mbichi akavuta hewa kwa pua.

"Nani kamwita?" akauliza.

Mchapaji akasema hakuna aliyemwita mtu.

"Hawa hawaji kama wezi, mwanangu. Hawa huitwa. Hapa ndani pamesemwa nini?"

Ikabidi amweleze habari za bendi, na wimbo, na daftari. Bibi Msusi akataka kuusikia wimbo wenyewe. Hapakuwa na haja ya simu, maana nyuma ya pazia ulikuwa unaimbwa. Bibi akausikiliza mwanzo hadi mwisho, akichezea kitana.

"Mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji," akasema. "Niambie huyu mtoto ameimba nini. Kwa maneno ya kwenu. Usipunguze."

Na hapo ndipo Mchapaji alipoona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Alifungua daftari. Alikuwa ameyasoma maneno yale mara mia na hayakuwahi kumkaa kooni, na sasa ilimbidi ayatoe kwa lugha aliyolilia nayo mama yake.

"Mlango wangu u wazi," alinong'ona. "Ingia."

"Endelea."

"Pumzi yangu ni yako. Ichukue."

Bibi Msusi akafumba macho. "Endelea."

"Pita ndani ya damu yangu. Lala nilipolala mimi. Nifanye wako milele."

"Na wewe uliyaandika hayo," bibi akasema polepole, "ukampa mtoto wa watu ayatamke, madirisha yamefungwa."

"Ni mapenzi tu, bibi. Wote wanaimba hivyo."

"Wao wanajua wanamwambia nani. Wewe ulikuwa unamwambia nani?"

Wimbo ulikuwa umenyamaza nyuma ya pazia, kama kuna mtu anayesikiliza.

Bibi Msusi akamweleza kazi iliyopo, na haikuwa ngumu kuielewa. Aliyeingia hakulazimisha. Alikaribishwa, akapewa pumzi, akapewa njia ya damu, na alichopewa anakila. Atakayeyarudisha maneno ni mwenyewe aliyeyatunga. Atayasema moja moja kwa Kiswahili, na kila moja atasema sikulikusudia, nalirudisha. Basi. Asiongeze neno lake hata moja. Na asiseme uongo, maana yule aliyemo ndani ya mtoto anaujua uongo kwa harufu.

Wakaenda kitandani. Bibi akakaa upande wa kichwa, akazifumua nywele za Kengele na kuanza kuzichana taratibu. Mchapaji akapiga magoti.

Aliusema mstari wa mlango, akasema sikulikusudia, nalirudisha. Kengele akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akausema wa pumzi. Kifua kilipanda juu, kikubwa, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akausema wa damu, na weusi ukaanza kutoka kwenye kucha zake. Ule wa kulala, ule wa milele. Harufu ya kisima ikapungua, ikawa kama imesogea pembeni tu. Mchapaji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Bado mmoja," bibi akasema, bila kuacha kuchana. "Nimeusikia. Ule wa mwisho wa kiitikio."

Akaukumbuka.

"Usitoke katika nyumba hii," alisema. "Ukitoka, mimi nitabaki na nani?" Akaendelea. "Sikulikusudia. Nalirudisha."

Kengele akageuza uso. Macho yalikuwa yake, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya mtu mgeni. Ilikuwa ya Mchapaji mwenyewe, sauti yake ile ile ya kila siku, kwa Kiswahili.

"Hilo ulilikusudia," ikasema.

Na kile kifua kikaanza kupungua tena.

Bibi Msusi akamtazama, akasubiri. Na Mchapaji, ambaye kwa miaka kumi na saba alikuwa hajawahi kumwambia mtu kinachomuuma, ilibidi akiseme pale, akipiga magoti kwenye sakafu yenye wino. Akasema ni kweli. Alilikusudia. Alimwandikia mdogo wake wimbo wa kuondoka na ndani yake akatia mstari wa kumzuia, kwa lugha ambayo yeye mdogo wake haielewi, kwa sababu kwa lugha anayoielewa asingethubutu. Kila alipomwambia nenda, nenda, usipoteze bahati, moyoni alikuwa anaomba basi liharibike. Aliogopa kile chumba kitakavyokuwa pazia likiwa halina mtu upande wa pili.

"Lakini aende," akasema. "Naapa aende. Sasa hivi nasema kwa moyo wote. Nalirudisha."

Kitana kilikuwa kimesimama kwenye nywele.

"Na mimi?" ile sauti yake ikamuuliza kutoka kwenye kinywa cha Kengele, kwa upole, karibu kwa huzuni. "Mimi niliombwa nisitoke."

"Usimjibu," bibi akanong'ona. "Mwache aulize mpaka achoke."

Ikauliza tena. Na tena. Na kila ilipouliza Kengele alizidi kutulia, kifua kikipanda kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha hakikupanda kabisa, midomo ikawa ya kijivu, na macho yakaanza kupoteza ule unyevu wa mtu aliye hai, na Bibi Msusi amemkamata Mchapaji mkono kwa nguvu ya ajabu kwa mwanamke wa umri ule akimwambia subiri, subiri mwanangu, nyamaza, na Mchapaji anahesabu kama alivyohesabu usiku kucha, kumi, ishirini, thelathini, na pumzi haiji, arobaini, na yule ni mtoto aliyemngoja getini jua linamchoma, hamsini, na pumzi haiji, na ile sauti inauliza, na mimi je, na mimi je, na mimi je.

"Kaa na mimi," Mchapaji akasema. "Mwache yeye. Kaa na mimi."

Kengele akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akaomba maji.

Bibi Msusi aliachia ule mkono. Akamwambia Mchapaji waende chumba cha mbele.

"Nilikwambia unyamaze."

"Alikuwa anakufa, bibi."

"Hakuwa anakufa," bibi akasema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira na huruma. "Yule alikuwa anatoka. Ndivyo wanavyotoka. Ulikuwa umebakisha pumzi mbili."

Mchapaji akauliza kama anaweza kulirudisha na hilo. Bibi akachomeka kitana chake kichwani. Akasema yale ya mwanzo yalirudi kwa sababu hakujua anachosema. Hili amelisema kwa lugha yake, kwa moyo wake, akimjua anayemwambia, na yeye Bibi Msusi hana dawa ya neno la namna hiyo. Mchapaji akamwomba kitu kimoja tu, kwamba mdogo wake asijue, maana akijua hatapanda basi. Bibi hakukubali wala hakukataa. Aliondoka akipita katikati ya fulana, na zote zilikuwa zimekauka.

Jumamosi Kengele aliamka mzima, njaa inamuuma, hakumbuki chochote zaidi ya homa. Alipanga mabegi yake akiimba. Wimbo ule ule, lakini mistari ile yote Mchapaji alikuwa ameibadilisha, amempa mingine ya kipuuzi kuhusu nyota. Alikunywa chai mara mbili. Alimtania kaka yake kwamba sasa ataoa, visingizio vimekwisha. Alifunga begi kubwa, akasema twende, gari linaondoka saa mbili.

Mchapaji alibeba begi mpaka kizingitini. Pale miguu ikakataa. Hapakuwa na maumivu wala mtu aliyemshika. Alitaka kuinua mguu, na mguu ukawa hausikii, kama unapomwita mtu ambaye hayupo.

Akaweka begi chini.

"Nenda tu," akasema. "Nina fulana sitini za kumaliza."

Kengele alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka.

"Hata kunisindikiza, kaka?"

"Nina kazi."

"Miaka yote hii. Leo ndiyo una kazi."

Alimtazama, akitafuta kitu usoni mwake, na Mchapaji akakaza uso kadiri alivyoweza, kwa sababu angeulegeza kidogo tu Kengele angerudi ndani. Alitaka kumwambia kila kitu. Alitaka angalau kumkumbatia, lakini Kengele alikuwa ameshatoka, na mikono yake isingefika. Kengele akaliokota begi mwenyewe. Alisema asante kwa kunilea, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni, akageuka akaenda zake, na begi linamgonga gonga mguuni, na Mchapaji akabaki pale ndani ya mlango machozi yanamtiririka, anamwomba Mungu asigeuke, na anamwomba Mungu ageuke.

Kwenye kona akageuka. Akamwona kaka yake amesimama mlangoni, ameinua mkono juu na anaupunga, taratibu, kwa furaha. Uso wa Kengele ukachangamka. Akapunga na yeye kwa nguvu, akatabasamu, akapotea kwenye kona moyo ukiwa mweupe.

Mchapaji aliutazama ule mkono juu ya kichwa chake, bado unapunga. Hakuwa ameuinua yeye.